Kupima Mahali na Mwendo wa Vijisayari: Somo la Pembe Nje ya Darasa

Mapema mwaka 2025, wakati wa mazoezi ya kufundisha, tulikuwa tumeketi nyuma ya darasa katika shule moja ya msingi mkoani Singida, tukimsikiliza mwanachuo wetu akifundisha somo la sayansi. Kipindi kilikuwa kikienda vizuri hadi mtoto mmoja aliponyosha mkono na kuuliza kama ni kweli kwamba mwaka 2032 jiwe kutoka angani litaiangukia Dunia, na kwamba njia yake inapita Afrika. Alikuwa ameisikia habari hiyo redioni, na nyumbani kwao bibi yake alikwisha kusema kuwa hapana haja tena ya kupanda miembe. Mwanachuo alijibu kwamba jambo hilo halimo katika muhtasari, akaendelea na somo lake. Baadaye, tulipokaa naye kuijadili kazi yake, hatukuweza kumlaumu sana, kwa sababu sisi wenyewe saa ile tulikuwa tumeinamisha macho katika fomu ya tathmini ili mtoto yule asije akatugeukia.

Habari aliyoisikia haikuwa uzushi. Tarehe 27 Desemba 2024 darubini ya mradi uitwao ATLAS, iliyoko nchini Chile, iligundua jiwe la angani lililopewa jina la 2024 YR4, lenye upana wa mita 60 hivi. Mwishoni mwa Januari 2025 ilitangazwa kwamba uwezekano wa jiwe hilo kuigonga Dunia tarehe 22 Desemba 2032 ni 1 katika 83. Tarehe 18 Februari uwezekano ulipanda hadi asilimia 3.1, yaani 1 katika 32. Mstari wa mahali ambapo lingeweza kuanguka ulianzia mashariki ya Bahari ya Pasifiki, ukapita kaskazini ya Amerika ya Kusini, Bahari ya Atlantiki na bara letu, ukaishia Asia ya Kusini. Kisha, baada ya siku sita tu, uwezekano ulishuka hadi asilimia 0.004, na hofu ya Dunia kugongwa siku ile ikaondolewa. Watu wengi waliona kana kwamba wataalamu walisema jambo, wakalizidisha, halafu wakalikana. Hawakulikana. Walikuwa wakipima pembe, na kila walipopima zaidi walijua zaidi. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha jinsi kazi hiyo inavyofanyika, na jinsi mwalimu wa shule ya msingi anavyoweza kuionyesha kwa kamba, misumari na watoto wake mwenyewe.

Vijisayari, ambavyo wataalamu huviita asteroidi, ni miamba na vipande vya metali vinavyolizunguka Jua kama zifanyavyo sayari, ila ni vidogo mno. Vilivyo vingi huzunguka baina ya Mirihi na Mshtarii, na hivyo havituhusu sana. Vichache njia zao huingia karibu na njia ya Dunia, na hivyo ndivyo vinavyofuatiliwa usiku hata usiku. Kijisayari hakina mwanga wake. Huakisi mwanga wa Jua, na katika darubini huonekana kama nukta tu, sawa na nyota hafifu. Darubini haituambii kiko umbali gani. Hutuambia kiko upande gani, basi. Mwalimu akilishika jambo hili moja, mengine yote yatafuata kwa urahisi.

Mwamba usiofikika

Tunashauri somo lianzie nje ya darasa. Mkoa wetu umejaliwa miamba mikubwa iliyosimama peke yake, na kandokando ya Ziwa Singidani mwalimu hakosi mwamba ulioko ng'ambo ya maji ambao watoto hawawezi kuufikia kwa futi kamba. Waambie kwamba wataupima umbali wake bila kulowanisha miguu.

Zana ni chache: ubao mdogo uliochorwa nusu duara ya digrii 180, mrija wa soda uliopigiliwa msumari katikati ili uzunguke, na kamba ya mita 100. Kamba inyoshwe ufukweni, ncha moja tuiite A na nyingine B. Mtoto aliyeko A aelekeze mrija kwenye mwamba, na mwenzake asome pembe iliyopo baina ya kamba na mrija. Wafanye hivyo hivyo kule B. Tuseme pembe ya A ni digrii 85 na ya B ni digrii 80. Kwa kuwa pembe za ndani za pembetatu zina jumla ya digrii 180, pembe ya tatu, iliyoko mwambani, ni digrii 15. Watoto warudi darasani, wachore pembetatu hiyo kwa kipimo cha sentimita 1 kwa mita 20, na wapime kwa rula. Wataona kwamba mwamba uko mita 380 hivi kutoka A.

Hapa ndipo wengi wetu huishia, tukaandika jibu ubaoni na kufuta. Tunasihi mwalimu asiishie hapo, kwani utamu wa somo umo katika makosa. Waulize watoto: je, kama mwenzenu wa B alikosea digrii 1, akasoma 80 mahali pa 81? Wachore tena. Umbali sasa ni mita 408. Kosa la digrii 1 limetupotosha kwa mita 28, jambo linalovumilika. Sasa rudia kazi nzima kwa kamba ya mita 10 badala ya mita 100. Pembe ya mwambani itakuwa digrii 1 na nusu tu, na kosa lile lile la digrii 1 litauweka mwamba ama mita 230 ama mita zaidi ya 1,100 kutoka kwetu. Mwamba umeruka ziwa zima bila kuondoka mahali pake.

Mara ya kwanza tulipoifanya kazi hii na wanachuo, tulitumia kamba fupi kwa sababu ya uvivu wa kutembea, na vikundi vitano vilileta majibu matano yasiyofanana hata kidogo. Tulidhani wanachuo hawakujua kutumia kipimapembe, tukawakemea. Kosa lilikuwa letu. Msingi ulikuwa mfupi mno kwa kazi tuliyowapa.

Kutoka ziwani hadi angani

Mpimaji wa anga hufanya yale yale, lakini pembe zake ni ndogo kupita kiasi. Digrii 1 hugawanywa katika dakika 60 za pembe, na kila dakika katika sekunde 60. Kwa hiyo digrii moja ina sekunde 3,600. Sekunde moja ya pembe ni upana wa sarafu ya sentimita 2.5 ikitazamwa kutoka kilomita 5. Kwa walioko mjini Singida hii ni sawa na kuitazama sarafu iliyoshikwa na mtu aliyesimama nje kabisa ya mji. Na mpimaji mzuri siku hizi hukosea chini ya sekunde moja.

Hawezi kufanya hivyo kwa mrija wa soda, wala hapimi kutoka ardhini. Hupima kutoka nyota. Mbingu imechorewa mistari kama ile ya latitudo na longitudo ya Dunia, na nyota ni kama miji isiyohama kwenye ramani hiyo. Chombo cha Gaia, kilichorushwa na nchi za Ulaya mwaka 2013, kilipima mahali pa nyota zaidi ya bilioni moja. Mpimaji hupiga picha tatu au nne za sehemu moja ya anga, zikipishana kwa dakika kadhaa. Akizipitisha upesi moja baada ya nyingine, nyota zote hutulia, na nukta moja huonekana ikirukaruka kwenda upande mmoja. Hicho ni kijisayari. Kisha hupima kiko wapi miongoni mwa nyota zinazokizunguka, huandika saa kamili ya kila picha, na hupeleka vipimo hivyo kwenye kituo cha kimataifa cha vijisayari huko Cambridge, Massachusetts, ambako hulinganishwa na vipimo vya watu wengine wa dunia nzima.

Mwalimu anaweza kuigiza jambo hili kwa karatasi tatu za kuonyea. Chora nyota zile zile kwa vitone kwenye karatasi zote tatu, na uongeze kitone kimoja kinachosogea kidogo kutoka karatasi hadi karatasi. Wape watoto watafute mwizi. Tumeona hata watoto wakimya wakinyang'anyana karatasi hizo.

Sasa, kila kipimo kimoja hutupa namba mbili tu: kama longitudo, na kama latitudo. Ili kuijua njia ya kijisayari tunahitaji namba 6, yaani tatu za mahali kilipo na tatu za mwendo wake. Kwa hiyo vipimo visivyopungua vitatu vinahitajika. Jambo hili lilipata umaarufu mwaka 1801. Tarehe 1 Januari ya mwaka huo Giuseppe Piazzi, huko Palermo, aligundua Ceres, akaifuatilia kwa majuma machache tu kabla haijapotea katika mwanga wa Jua. Kijana wa miaka 24, Carl Friedrich Gauss, alitumia vipimo hivyo vichache kukokotoa njia yake, na tarehe 31 Desemba Ceres ikaonekana tena karibu na mahali alipopataja. Wanachuo wanaouliza hisabati ina faida gani wanaweza kupewa mfano huu, ingawa tunakiri kuwa hesabu yenyewe ni ndefu na haifai kupelekwa shule ya msingi.

Kinachofaa ni kuchora njia. Njia ya kijisayari ni duaradufu, na Jua haliko katikati yake bali kwenye kimojawapo cha vitovu viwili. Chukua kipande kikubwa cha boksi na misumari miwili. Tutakichora kijisayari kiitwacho Apophis, ambacho tutarudi kukizungumza. Kwa kipimo cha sentimita 50 kuwa umbali wa Dunia na Jua, pigilia misumari kwa umbali wa sentimita 17.6, na funga kamba isiyovutika yenye urefu wa sentimita 92 kutoka msumari hadi msumari. Tanua kamba kwa ncha ya kalamu na uizungushe. Msumari mmoja ndio Jua. Kutoka msumari huo huo chora duara ya nusukipenyo sentimita 50: hiyo ni njia ya Dunia, au karibu sana. Watoto wataona kwa macho yao kwamba mistari hii miwili inakatana. Waulize kama kukatana kwa barabara mbili kunatosha kuleta ajali. Kwa kawaida wao wenyewe watasema kwamba sharti magari yafike njia panda saa moja, na wamekuwa wanafalaki. Mwalimu aongeze tu kwamba boksi limedanganya kidogo: njia ya Apophis imeinama kwa digrii 3 na kidogo ikilinganishwa na ya Dunia.

Kwa mwanachuo anayependa hesabu, sheria ya Kepler ni rahisi kuthibitisha hapa. Umbali wa wastani wa Apophis na Jua ni 0.9226 ya umbali wetu. Zidisha namba hii kwa yenyewe mara tatu, utapata 0.785, kipeuo cha pili chake ni 0.886. Huo ndio muda wake wa kulizunguka Jua, 0.886 ya mwaka, au siku 324 hivi.

Mstari wa watoto 80

Turudi kwa mtoto na swali lake. Kwa nini uwezekano ulipanda kwanza, halafu ukashuka ghafla? Hakuna kitabu cha kiada kilichotusaidia hapa, ila uwanja wa shule ulitusaidia. Wingi wa watoto darasani, ambao kwa kawaida ni kilio chetu, katika zoezi hili ni mali.

Panga watoto 80 katika mstari mmoja, ukianzia kwenye mti. Kila mtoto ni mahali pamoja ambapo jiwe linaweza kupita siku ile ya 2032. Mtoto wa 12 kutoka mtini mvike karatasi iliyoandikwa DUNIA. Hatujui jiwe litampitia nani, kwa hiyo uwezekano wa Dunia kugongwa ni 1 katika 80. Tangaza kwamba vipimo vipya vimefika, na uwaondoe watoto 48 wa ncha ya mbali. Wamebaki 32, na DUNIA bado yumo. Uwezekano sasa ni 1 katika 32! Watoto waliokaa chini watapiga kelele kwamba hatari imeongezeka. Waache wapige kelele. Halafu tangaza vipimo vingine, na uwaondoe watoto 15 walioko karibu na mti. DUNIA ametoka pamoja nao. Wamebaki 17, na uwezekano ni sifuri. Waulize: jiwe lilihama? Halikuhama hata mara moja. Mstari wa kutojua kwetu ndio uliofupika.

Kwa mwalimu peke yake: katika hali halisi watoto wa katikati ya mstari wana uzito kuliko wa pembeni, lakini jambo hilo si la kuwachanganya wanafunzi.

Kinachoufupisha mstari ni kile kile kilichotusaidia ziwani, yaani msingi mrefu. Tofauti ni kwamba huku msingi ni wa muda. Vipimo vya usiku mmoja ni kamba ya mita 10. Vya miezi mingi ni kamba ya mita 100. Ndiyo sababu picha za zamani zina thamani kubwa. Apophis iligunduliwa tarehe 19 Juni 2004 huko Kitt Peak, Marekani, na tarehe 27 Desemba mwaka huo uwezekano wa kuigonga Dunia mwaka 2029 ulifika 1 katika 37, ambao ulikuwa mkubwa kupita wowote uliokwisha kutangazwa kwa kijisayari cha ukubwa wake. Siku ile ile watu walipekua picha zilizopigwa Machi 2004, kabla haijajulikana, wakaikuta imo. Msingi ukarefuka mara moja, na DUNIA akatoka mstarini. Baadaye, Machi 2021, rada ilitumika: mawimbi yalitumwa yakaigonga Apophis iliyokuwa umbali wa kilomita milioni 17, nayo yakarudi baada ya muda usiofika dakika 2. Umbali ulijulikana kwa kosa la mita 150 tu, na tangu hapo inajulikana kwamba haitaigonga Dunia kwa miaka 100 ijayo, angalau.

Vipimo vikisema ndiyo, huwa ndiyo. Jirani zetu wa Sudani ni mashahidi. Tarehe 6 Oktoba 2008 Richard Kowalski, akitumia darubini ya Mlima Lemmon huko Arizona, aliona kijisayari kidogo chenye upana wa mita 4 hivi, kilichoitwa 2008 TC3. Waangalizi wa nchi mbalimbali walikipima zaidi ya mara 500 katika muda usiofika siku moja, na hesabu zikataja jangwa la Nubia kaskazini ya Sudani. Saa 11:46 alfajiri ya tarehe 7 Oktoba, kwa saa zetu za Afrika ya Mashariki, kililipuka juu ya jangwa lile. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia kijisayari kupimwa angani kabla hakijaanguka. Mwezi Desemba Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum, pamoja na Peter Jenniskens, aliwapeleka wanafunzi wake jangwani. Wakajipanga mstari mmoja mrefu kama wachungaji watafutao mbuzi aliyepotea, wakatembea chini ya njia iliyokokotolewa, na wakaviokota vipande. Hadi sasa vimepatikana mamia, vyenye jumla ya kilo 10 hivi, navyo hujulikana kwa jina la kituo cha reli kilichoko karibu, Almahata Sitta, yaani Kituo cha Sita.

Usiku wa Ijumaa, tarehe 13 Aprili 2029

Mwanachuo anayehitimu sasa atakuwa kazini usiku huo, na huenda akawa mtu pekee kijijini mwenye kuweza kueleza kinachotokea. Apophis, yenye upana wa mita 340 hivi, itapita kilomita 32,000 juu ya uso wa Dunia, karibu zaidi kuliko setilaiti za matangazo ya televisheni ambazo ziko kilomita 35,786. Itaonekana kwa macho matupu, bila darubini, na Afrika ni miongoni mwa mabara yatakayoiona. Kwetu itakuwa ikikaribia zaidi saa 6:46 usiku, lakini wakati huo itakuwa imekwisha kuelekea upande wa Atlantiki na chini kabisa kwenye upeo wetu wa magharibi. Saa za kwanza za usiku ndizo zifaazo. Mwezi utakuwa karibu kuandama, kwa hiyo giza halitakosekana. Mvutano wa Dunia utaipinda njia yake, na baadaye Apophis itatumia muda mrefu kuliko mwaka wetu mmoja kulizunguka Jua.

Tunapendekeza shule zijiandae kuipima, siyo kuitazama tu. Mji wa Singida na Dar es Salaam ziko umbali wa kilomita 550 hivi kwa mstari ulionyooka. Kitu kilichoko kilomita 60,000 kutoka kwetu, kikitazamwa dakika moja kutoka miji hiyo miwili, kinaweza kuonekana kimehama miongoni mwa nyota kwa hadi nusu digrii, ambayo ni upana wa mwezi mpevu. Hii ni kamba yetu ya ufukweni, imerefushwa hadi pwani. Darasa moja huku na darasa moja kule, kila moja likichora kwenye karatasi nyota za jirani na mahali pa nukta inayotembea, kwa saa zilizokubaliwa na kuhakikiwa kwa simu, mathalani saa 3:30, saa 4:00 na saa 4:30 usiku, yatakuwa na vipimo vya kutosha kuchora pembetatu. Watoto waanze kuzijua nyota za mwezi Aprili mwaka mmoja kabla, maana usiku wenyewe hautakuwa na muda wa kufundisha. Na kwa kuwa mvua zetu za Singida mara nyingine hukawia kwisha mwezi huo, ni busara mwalimu akubaliane na shule zaidi ya moja, mojawapo ikiwa mbali na wilaya yake, ili wingu la mahali pamoja lisiwanyime wote.